Bawaba Haivunjiki, Inavunja: Somo la Kutambua na Kurekebisha Bawaba za Laptopu

Pita maktaba yoyote ya chuo wiki mbili kabla ya kuwasilisha ripoti za utafiti, kisha angalia laptopu zilizoko mezani. Hutakosa moja iliyoegemezwa ukutani kwa sababu kioo hakisimami chenyewe. Hutakosa nyingine iliyozungushiwa selotepu kwenye kona. Na hutakosa ile ambayo mwenyewe akiona tu mkono wako unaisogelea anapiga kelele: "Usiifunge bana! Iache hivyohivyo!" Mashine inawaka, programu zinafunguka, betri inakaa na chaji, lakini mwenye nayo anaishi nayo kama mtu aliyebeba trei ya mayai kwenye daladala.

Ugonjwa huo ni wa bawaba. Bawaba ni kile kiungo cha chuma kinachounganisha kioo na sehemu ya kibodi, kimoja kushoto na kimoja kulia. Ni kitu kidogo, lakini kikikorofisha kinaweza kukugharimu kioo kizima, tena usiku ule wa mwisho kabla ya kukabidhi kazi kwa msimamizi.

Tumezoea kusema "bawaba imevunjika". Tunampelekea fundi, anapaka gundi, tunalipa, tunaondoka. Baada ya wiki tatu kona inafunguka tena. Makala hii inataka tuelewane jambo moja: mara nyingi bawaba haijavunjika kabisa. Bawaba ni nzima, tena ngumu kupita kiasi, na ugumu wake ndio uliovunja plastiki inayoishikilia. Ukitibu plastiki ukaiacha bawaba na ugumu wake, umefunga kidonda huku mwiba ukiwa bado ndani.

Malengo ya somo

Sisi wa elimu tumeambiwa tangu mwaka wa kwanza kwamba somo lazima liwe na malengo yanayopimika. Haya basi. Ukimaliza kusoma uweze:

1. Kueleza bawaba ya laptopu inavyofanya kazi na kwa nini inaharibu kava.
2. Kutofautisha aina tano za ubovu bila kufungua skrubu hata moja.
3. Kurekebisha ubovu mdogo mwenyewe, kwa usalama.
4. Kujua ni wakati gani uache, na umwambie nini fundi ili usilipe mara mbili.

Bawaba inafanyaje kazi?

Fikiria kwanza bawaba ya mlango. Sifa yake ni ulaini: ukisukuma kidogo mlango unakwenda, na upepo ukivuma unajifunga. Bawaba ya laptopu ni kinyume chake, sifa yake ni ubishi. Kioo lazima kibaki pale ulipokiacha, kiwe nusu wazi au wazi kabisa. Kwa hiyo bawaba imetengenezwa makusudi ikatae kuzunguka kirahisi.

Ubishi huo unatokana na msuguano. Katika aina moja inayopatikana sana, kuna mhimili mwembamba wa chuma uliopitishwa katikati ya washa nyembamba kadhaa, na mwishoni kuna nati inayozibana washa hizo pamoja. Kadiri nati inavyobana, ndivyo kioo kinavyokuwa kizito kufungua. Aina ya pili haina nati. Ni bati gumu lililoviringishwa kuuzunguka mhimili na kuukumbatia. Kumbuka tofauti hii, tutaihitaji mbele: ya kwanza inarekebishika kwa spana, ya pili hairekebishiki namna hiyo.

Bawaba yenyewe imefungwa kwa skrubu pande mbili: upande mmoja kwenye mgongo wa kioo, upande mwingine kwenye kava la kibodi. Kwenye mashine yenye kava la plastiki, skrubu hizo haziingii kwenye plastiki moja kwa moja. Zinaingia kwenye vinati vidogo vya rangi ya dhahabu, na vinati hivyo vimezamishwa ndani ya vinguzo vya plastiki. Kwa hiyo tuna mnyororo: bawaba ya chuma, skrubu ya chuma, kinati cha madini, kisha kinguzo cha plastiki. Wahenga walishasema kamba hukatikia pembamba. Hapa pembamba ni plastiki.

Kwa nini inavunja?

Hapa turudi kwenye fizikia ya sekondari, mada ya momenti. Momenti ni kani mara umbali kutoka kwenye mhimili. Tuchukue mfano rahisi. Unafungua kioo kwa kushika ukingo wake wa juu, sentimita 20 kutoka kwenye bawaba. Kioo ni kigumu, unasukuma kwa nyutoni 5, karibu sawa na uzito wa nusu kilo ya sukari. Momenti yake ni 5 mara 0.20, yaani nyutoni-mita 1.

Sasa, skrubu zinazoishikilia bawaba ziko karibu sana na mhimili, tuseme sentimita 1 tu. Ili kuhimili momenti ileile, skrubu hizo zinabeba 1 gawanya kwa 0.01, yaani nyutoni 100. Huo ni karibu uzito wa kilo 10. Wewe umesukuma nusu kilo kwa kidole, vinguzo vya plastiki vimebeba kilo kumi. Ukifungua kwa katikati, mzigo unagawanywa kwa bawaba zote mbili. Ukifungua kwa kushika kona moja, kama wengi wetu tunavyofanya, sehemu kubwa ya mzigo inaenda kwenye bawaba ya upande ule, na juu yake unaongeza kuupinda mgongo wa kioo.

Mashine ikiwa mpya, bawaba ina mafuta ya kutosha na plastiki ina nguvu. Miaka inavyopita, mafuta yanakauka au yanasukumwa nje, vumbi linaingia, na kwa sisi wa pwani unyevunyevu unaleta kutu. Bawaba inazidi kuwa ngumu, plastiki inazidi kuchoka. Kila siku unafungua na kufunga mara kumi, mara kumi na tano. Kinguzo kinaanza na ufa usioonekana. Kisha siku moja unasikia "kach!" Unaangalia, hakuna kitu. Wiki inayofuata kona imeachia.

Hiyo "kach" ndiyo taarifa ya kwanza. Ukiisikia usisubiri ya pili.

Kupima kabla ya kutibu

Mwalimu mzuri hakimbilii kurudia somo zima kwa sababu tu mwanafunzi amepata 30. Anakaa na karatasi ya majibu aone mtoto alikwama wapi: kusoma swali, kanuni, au hesabu? Na mashine ni vilevile. Kuna vipimo vitano, na vyote unavifanya bila bisibisi, kwa mpangilio huu.

Kipimo cha kwanza: betri. Weka laptopu mezani ikiwa imefungwa, uibonyeze taratibu kwenye kona. Je, inayumba kama meza ya mgahawa? Je, kava la chini limetuna, au kibodi imenyanyuka katikati? Kama ndiyo, huenda tatizo si bawaba kabisa. Huenda betri imevimba na inasukuma kava lifunguke kutoka ndani. Hapo simama. Usiikandamize, usiitoboe, usiichaji tena, na usijaribu kuifunga kava kwa nguvu. Betri ya lithiamu iliyovimba inaweza kuwaka moto. Izime, iondoe kitandani na mbali na vitu vinavyoshika moto, umpelekee fundi aitoe. Nimeanza na kipimo hiki kwa sababu dalili yake, kava kuachia pembeni, inafanana kabisa na ya bawaba.

Kipimo cha pili: panafunguka wapi? Chuchumaa macho yako yawe usawa wa meza, uangalie mashine kwa ubavu. Mwenzako akifungue kioo taratibu sana, wewe ukiangalia ile kona. Kama fremu inayozunguka kioo inaachana na mgongo wa kioo, vinguzo vilivyovunjika ni vya juu. Kama kava la kibodi linaachana na kava la chini, vilivyovunjika ni vya chini. Ukiona mwanya, mwambie aache hapohapo. Umeshapata jibu, hakuna haja ya kuendelea kuvunja.

Kipimo cha tatu: ugumu. Kama hakuna mwanya, fungua kioo kwa kidole kimoja katikati ya ukingo wa juu. Mashine nyepesi hunyanyuka kidogo mwanzoni, hiyo si ajabu. Lakini kama sehemu ya kibodi inaendelea kunyanyuka hata kioo kikishapita wima, au kioo kinakwenda kwa kushtukashtuka badala ya kwenda laini, bawaba ni ngumu. Angalia pia kama upande mmoja unatangulia na mwingine unabaki nyuma. Ule unaobaki nyuma ndio mgumu.

Kipimo cha nne: kulegea. Kiache kioo nusu wazi, uguse meza kidogo. Kikianguka chenyewe au kikitikisika muda mrefu, kuna mambo mawili: skrubu zimelegea, au bawaba imepoteza msuguano wake. Shika kioo kwa chini karibu na bawaba ukitikise. Kama bawaba yote inacheza pamoja na kioo, ni skrubu. Kama bawaba imetulia lakini kioo kinazunguka kirahisi, ni msuguano.

Kipimo cha tano: picha. Waya wa kioo hupita karibu na bawaba, na mara nyingi nyaya za antena ya Wi-Fi hupita hapohapo. Washa mashine, sogeza kioo taratibu. Picha ikikatika, ikiweka mistari au ikizimika kwenye pembe fulani tu, waya unabanwa au umeanza kukatika. Hakikisha kwa kuunganisha projekta ya darasani au TV kwa HDMI: kama picha ya nje imetulia wakati ya laptopu inachezacheza, ubao mkuu wa mashine uko salama, shida iko kwenye waya au kwenye kioo chenyewe.

Andika majibu yote matano kwenye daftari. Dakika kumi tu, na umeshajua zaidi ya "imeharibika".

Kabla ya kushika bisibisi

Moja, nakili kazi zako. Ripoti, maandalio ya masomo, picha, kila kitu, kwenye flashi na kwenye Google Drive pia. Kama kioo hakionyeshi, tumia TV. Mashine unaweza kununua nyingine siku moja boom likitoka, lakini data ulizokusanya shuleni kwa wiki sita hazinunuliki popote.

Mbili, kama mashine bado ina waranti, usiifungue. Irudishe ulikonunua.

Tatu, izime kabisa. Kuilaza si kuizima. Chomoa chaja.

Nne, andaa vifaa: seti ya bisibisi ndogo za simu, kadi ya benki iliyokwisha muda kwa ajili ya kuachanisha kava, taa nzuri, na trei ya mayai ya kuwekea skrubu. Kisu na msumari havimo kwenye orodha, vinakwaruza na vinaweza kukata waya.

Tano, chora ramani. Chora umbo la kava la chini kwenye karatasi, utie alama kila skrubu ilipotoka. Skrubu za laptopu hazilingani urefu. Skrubu ndefu ukiirudisha kwenye tundu la fupi inaweza kutokeza upande wa pili au kugonga ubao wa umeme. Na kumbuka, baadhi ya skrubu hufichwa chini ya miguu ya mpira. Kava likikataa kutoka, usilazimishe, tafuta skrubu uliyoisahau.

Sita, kava likishatoka, kabla ya kugusa kingine chochote chomoa kiunganishi cha betri. Gusa chuma kikubwa kama fremu ya dirisha ili umeme tuli wa mwilini uondoke. Nyaya bapa zina kufuli ndogo, zifungue kwanza, usizivute kama unang'oa mchicha.

Mkono ukianza kutetemeka, pumzika. Hakuna aibu kufunga kava na kumpelekea fundi. Aibu ni kukata waya kwa ajili ya kujionyesha.

Matengenezo

Skrubu zimelegea. Hii ndiyo habari njema kuliko zote. Zikaze kwa bisibisi inayoingia sawasawa kwenye kichwa chake. Kaza mpaka isimame, kisha acha. Ukiendelea kukaza kwa nguvu za kubana kokwa la baiskeli, utazungusha kinati ndani ya plastiki na kujitengenezea ugonjwa mpya.

Bawaba ni ngumu. Huu ndio moyo wa somo. Hata kama vinguzo vimeshavunjika, anza hapa. Fungua bawaba itoke, uishike kwa koleo, uizungushe kwa mkono. Linganisha ya kushoto na ya kulia. Kama ni ya aina yenye nati, legeza nati kwa hatua ndogo sana, theluthi moja ya robo mzunguko, ujaribu, kisha tena. Weka tone dogo la grisi kati ya washa na ufute inayobaki. Unatafuta hali ambayo kioo kinasimama popote lakini kinafunguka bila kubishana. Ukizidisha kulegeza, kioo kitakuwa kinaanguka, hapo rudisha kidogo. Kama ni ya bati lililoviringishwa na grisi haijasaidia, usilipanue kwa bisibisi, tafuta bawaba nyingine ya modeli ileile.

Na jamani, tuache kumimina mafuta ya cherehani kutoka nje bila kufungua kava. Mafuta hayana macho. Hayachagui kuingia kwenye bawaba peke yake, yanatambaa mpaka kwenye kioo na kwenye ubao.

Vinguzo vimevunjika. Sasa ndipo gundi inapoingia, baada ya bawaba kulainishwa. Kusanya vipande vyote na vinati vyote, hata kile kilichodondokea kwenye feni. Kipande kilichoachwa ndani kinaweza kuharibu kioo utakapofunga.

Supagluu, ile inayokauka ukihesabu mpaka tatu, haifai kwa kazi hii ikiwa peke yake. Ikikauka inakuwa ngumu lakini kavu kama bisikuti: inashika vizuri kitu kilichotulia, ila mtikiso na mvuto wa kila siku unaibandua. Tumia gundi ya epoksi, ya mirija miwili inayochanganywa, kama Araldite. Chagua ile inayokauka polepole.

Hatua zake ni hizi. Kwaruza plastiki kwa msasa ili gundi ipate pa kushika. Ifute kwa spiriti, iache ikauke. Paka mafuta ya mgando kidogo sana kwenye nyuzi za skrubu ili gundi isije ikaing'ang'ania, uifunge bawaba na vinati vyake mahali pake halisi. Changanya gundi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mirija, uizungushie msingi wa kila kinati kama unavyojengea nguzo kwa zege. Usijaze mlima, kava halitafunga. Usiguse mhimili wa bawaba, waya, wala spika. Kisha acha saa 24. Siyo saa mbili kwa sababu kuna mechi ya kuangalia. Saa 24.

Kama plastiki imeliwa kiasi kwamba hakuna pa kushikia gundi, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kutoboa kava na kupitisha bolti nyembamba yenye washa na nati, kioo kikiwa kimetolewa kabisa. Haipendezi, vichwa vya bolti vitaonekana nje, lakini inashika, maana mzigo sasa unabebwa na washa iliyokumbatia eneo pana la kava. Kazi hiyo mwachie fundi. Njia ya pili ni kubadilisha kava zima kwa lililotolewa kwenye mashine iliyokufa. Andika jina kamili la modeli lililoko chini ya mashine, na namba ya kava kama ipo, kabla ya kwenda kuulizia Kariakoo. "Naomba kava la HP" ni sawa na kuingia duka la vitabu ukasema "naomba kitabu cha hesabu".

Bawaba imelegea. Kwenye aina yenye nati, kaza kidogokidogo, pande zote mbili kwa kiasi kimoja. Aina nyingine, badilisha.

Waya umeumia, au chuma cha bawaba kimekatika. Hapa gundi haihusiki. Waya hubadilishwa, chuma hubadilishwa. Wakati unatafuta spea, acha kusogeza kioo na utumie TV ya kuazima ili kazi isisimame.

Ukienda kwa fundi

Mwenzangu mmoja wa hosteli aligundisha kona ileile mara mbili kwa fundi mmoja mtaani. Mara zote mbili bawaba haikuguswa. Mara ya tatu kona ilipoachia, bawaba ilichomoka na kuukata waya wa kioo, zikiwa zimebaki siku nne akabidhi ripoti. Alilipa gundi, gundi, kisha waya. Sura ya nne aliimalizia kwenye kompyuta ya maktaba, kwa zamu ya saa moja moja.

Fundi si adui. Wengi wana mikono mizuri kuliko sisi sote, ila wanafanya kile mteja alichoomba. Ukiomba gundi, utapewa gundi. Omba kwa namna nyingine. Mazungumzo yawe hivi:

"Fundi, habari za kazi?"

"Salama ticha. Nini tena?"

"Kona ya kulia imeachia upande wa chini. Nimepima, kioo ni kigumu sana upande huo. Naomba kwanza ulegeze bawaba, ndipo tuongelee gundi."

"Aa, umeshaipima? Basi lete tuone nati yake."

Kwa sentensi tatu umekuwa mteja wa aina nyingine. Ongeza maswali matatu: Utatumia gundi gani? Itakaa muda gani kabla sijaifungua? Na kava zima ni bei gani, ili nilinganishe? Fundi akisema "rudi baada ya nusu saa", uliza tena hilo swali la pili.

Kuitunza

Fungua kwa katikati, au kwa mikono miwili. Usiinyanyue mashine kwa kushika kioo. Kabla ya kufunga, angalia kama hujaacha kalamu au spika za masikioni juu ya kibodi, maana kitu kidogo pale kinakuwa nyenzo ya kung'olea bawaba na kupasua kioo. Kwenye begi iweke upande wa mgongo wako, chupa ya maji na vitabu vizito mbali nayo, hasa ukiwa kwenye bodaboda. Mara moja kwa muhula fanya kipimo cha tatu. Ukiona ugumu umeanza, ilainishe kabla ya "kach".

Wengi wetu tunaokwenda kufundisha tutakuta shule yenye laptopu tatu, na moja imewekwa kabatini kwa sababu "kioo chake kibovu". Mwalimu anayejua kwamba ile mashine inadai robo mzunguko wa nati na gundi kidogo, amewaongezea watoto kompyuta bila kusubiri bajeti.

Zoezi

1. Laptopu ya Asha inafunguka kirahisi, lakini kioo kinaanguka akikiacha nusu. Kona zote ni nzima, na bawaba hazichezi. Ubovu ni nini?
2. Ya Juma imeachia kona ya chini kushoto. Kibodi imetuna katikati, na mashine inayumba mezani. Afanye nini kwanza?
3. Ya Neema iligundishwa mwezi uliopita kwa epoksi, ikaachwa saa 24. Imeachia tena palepale, na gundi imeng'oka pamoja na kipande cha plastiki. Fundi alisahau nini?

Majibu: (1) Msuguano wa bawaba umepungua. Kama ina nati, ikazwe kidogo pande zote mbili. (2) Aache kuitumia na kuichaji, betri huenda imevimba. Habari za bawaba baadaye. (3) Gundi ilifanya kazi yake, imekubali kung'oka na plastiki kuliko kuachia. Kilichosahaulika ni kulegeza bawaba. Kama la tatu limekushinda, rudi kwenye momenti, usome tena zile kilo kumi.